Kilichoandikwa Nyuma ya Picha

Mji mzima ulimwita Bi Taratibu, na usidhani ilikuwa sifa tupu. Ukimpelekea cheti cha babu yako kilicholiwa na mende, alikwambia urudi baada ya mwezi. Mwezi ukiisha, alikwambia karatasi bado haijapumzika. Karatasi nayo ipumzike! Watu walicheka, wakanung'unika, wakaapa kwenda kwingine, na huko kwingine kwenyewe hakukuwepo. Basi walirudi, na kitu alichokishika yeye hakikuhitaji fundi wa pili.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la fremu la kaka yake. Mbele, Kaka aliuza. Kuta zilijaa pembe za fremu za kila rangi, naye katikati, suruali imenyooshwa ikanyooka, anapiga soga na wateja mpaka wanasahau walichofuata. Nyuma, dada mtu alichapa kazi kimya. Alikuwa na meza moja ndefu, sinia la bati pana kama mlango la kuoshea karatasi, sufuria ndogo ya gundi ya wanga aliyoipika mwenyewe kila asubuhi, na pasi sita za chuma ambazo hazijanyoosha nguo tangu yeye azaliwe. Pasi hizo zilikuwa za kukandamizia karatasi mbichi, zikauke bila kujikunja. Fundi mwingine angeiacha karatasi chini yake siku moja. Yeye aliiacha siku tatu.

Sababu ya siku tatu kila mteja aliijua, maana Kaka alimsimulia kila mteja. Na kila mwaka aliitia chumvi kidogo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba yao, aliyelianzisha duka, alikuwa na picha moja aliyoipenda kuliko vitu vyote humo ndani. Alipewa na mchoraji mzee aliyekuwa amepanga ghorofani. Ilikuwa picha ya bamba: yule mzee alipaka nta kwenye bamba la shaba, akachora kwa sindano, akalizamisha kwenye tindikali ikaila ile mistari, kisha akalipaka wino na kuligandamiza kwenye karatasi nene kwa mashine. Alichora mtaa wao wenyewe, asubuhi. Kinyozi amemkalisha mteja nje ya mlango, povu mpaka masikioni. Wanaume wawili wamebeba kabati, kila mmoja anavutia upande wake. Mbwa amelala katikati ya barabara, na mwenye baiskeli anamzunguka kwa adabu zote. Na kule pembeni kijana mwembamba anavuka na kioo kikubwa amekikumbatia, unamwona mwili mzima, kifua na vifungo vya shati, kupitia hicho kioo. Kijana huyo ndiye Baba.

Chini ya picha, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, mchoraji aliandika kwa penseli namba ya nakala na sahihi yake. Wanaozijua picha za bamba huanza kutazama hapo kabla ya kutazama kitu kingine.

Binti alipofika miaka ishirini, Baba alimkabidhi picha hiyo aioshe. Ulikuwa mtihani, wala hakuuficha. Chuo kimoja cha mbali kilikuwa na nafasi moja ya kusomea ufundi wa karatasi, na barua ya Baba ndiyo ingeamua nani aende, yeye au kaka yake mkubwa. Mtaa mzima ulijua mwenye mkono wa kazi ni nani. Aliiosha vizuri, akailaza chini ya pasi. Saa sita mchana akaja mtu mbio kumwambia kwamba Mama amezidiwa nyumbani. Kabla hajatoka, alisogeza pasi moja, akainua kona ya karatasi ya kufyonza maji, kidogo tu, aone kama imeanza kukauka. Akairudisha, akakimbia.

Aliporudi jioni alimkuta Baba amesimama na picha mkononi. Ukingo wa chini haukuwepo, na sahihi imekwenda nao. Karatasi mbichi haina nguvu yoyote, ukiivuta vibaya inakatika bila hata kutoa sauti.

"Ulikuwa na haraka," Baba alimwambia. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Kaka akaenda chuo. Yeye akapelekwa kwenye mbao na vioo, miaka minane, anakata na kupiga misumari, vidole vina makovu mpaka leo. Kaka alirudi baada ya miaka miwili na madaftari manne, mawili hayajaandikwa kitu, akasema karatasi zinamtia usingizi, akahamia mbele kwa wateja. Yale madaftari mawili yaliyoandikwa aliyachukua dada mtu, akayasoma wakati wa chakula cha mchana mpaka yakalegea mishono. Macho ya Baba yalipochoka, ndipo akamwacha arudi kwenye meza ya karatasi. Tangu siku hiyo hakuinua kona ya kitu chochote kabla ya siku tatu.

Na ile picha? Baba aliifunga kwenye fremu kwa mkono wake mwenyewe, akaubandika mgongo wa fremu utepe, akaitundika juu ya mlango wa mbele, akasema isifunguliwe. Baba alipofariki, Kaka aliipeleka sebuleni kwake. Bi Taratibu alikuwa amepita chini yake miaka kumi na tisa bila kuinua uso. Ile kona aliyoiinua iliishi naye. Mtu mzima na akili zake, usiku anaamka amekamata pembe ya shuka kwa vidole viwili, anairudisha polepole.

Haya. Mwaka huo duka lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na Kaka akaamua kuitoa picha iwe mali ya makumbusho ya mji. Barua ya kuitoa alishaitia saini na kuipeleka. Kungekuwa na viti na kipaza sauti, na hotuba alishaifanyia mazoezi mbele ya wateja: kwamba picha hii dada yangu aliichana kwa pupa ya ujana, na leo, baada ya miaka thelathini na moja, dada huyohuyo ndiye ameitibu. Watu walivunjika mbavu. Dada mtu mwenyewe naye alicheka, maana angefanyaje?

Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Makumbusho walitaka ripoti ya picha: ni nakala ya aina gani, ina thamani gani, hali yake ikoje, na kila jeraha limetokana na nini. Ripoti iandikwe na fundi wa karatasi, na fundi wa karatasi mjini alikuwa mmoja tu. Yaani akae kitako, ashike kalamu, aandike kwenye faili ambalo halitatupwa milele kwamba aliyeiharibu picha hii ni mimi. Kuchekwa alishakuzoea, kicheko kinapita. Faili halipiti.

Kaka aliileta asubuhi moja, amebeba mwenyewe, akaiweka mezani na kupangusa kioo kwa mkono wa shati. Akamwambia asijisumbue sana. Aitazame kwa mbele, aandike, yaishe.

"Mgongo usiufungue," alisema. "Baba alikataza, unakumbuka."

Kisha akasikia mteja, au alisema amesikia mteja, akatoka.

Sasa, huwezi kuithamini picha ya bamba kwa kuichungulia kupitia kioo, na mtu aliyekaa chuo miaka miwili alilijua hilo hata kama alisinzia. Lazima upitishe ncha ya kidole usikie wino ulivyosimama juu ya karatasi. Lazima uipandishe kwenye mwanga. Lazima uigeuze. Bi Taratibu aliizunguka meza siku mbili. Ukimtii Baba, unaandika uongo. Ukiandika kweli, unamvunjia Baba neno lake, na Baba hayupo umwombe radhi. Siku ya tatu alimwomba hivyohivyo, kwa sauti, peke yake chumbani, kisha akachukua kisu na kuukata utepe wa mgongo.

Misumari aliing'oa mmoja mmoja. Chini yake akakuta kadibodi ya bei rahisi, ile inayogeuka kahawia na kuiambukiza karatasi, ile ambayo Baba alikuwa akiiona mkononi mwa mtu anaitupa nje. Alishangaa. Baba hakufunga picha hivyo hata ya mteja aliyemchukia. Huyu mtu alikuwa na haraka, aliwaza, na neno lenyewe likamshtua.

Alianza na mbele. Alama ya bamba ilikuwa imezama sawasawa pande zote nne. Kwa lenzi, mistari ya uso wa kinyozi ilikuwa bado mikali, hata zile nywele mbili za kwenye pua ya mteja wake. Maana yake nakala ilipigwa mwanzoni, bamba halijachoka. Alijikuta anatabasamu. Kulikuwa na madoa ya kahawia, kulikuwa na weupe uliogeuka manjano kwa jua, yote hayo yanatibika. Kwenye ncha ya chini aliona nyuzi za karatasi zimevutwa sehemu mbili, na kwingine pamepita kisu. Akaingiza mikono yote miwili chini yake, akaigeuza.

Hapa ni lazima uijue sheria ya Baba. Mtu yeyote anayeishika karatasi ya mtu, kabla hajaanza anaandika nyuma yake, kona ya chini, kwa penseli laini: tarehe, atakachofanya, jina. Akimaliza anaandika alichofanya. Hata kosa linaandikwa. Kila jioni Baba alipita mezani akasoma, na chini yake akaweka neno moja: Nimeona. Penseli aliichagua kwa sababu haitoki kwa maji. Watoto wake wawili walijua kuandika hivyo kabla ya kujua kukata mbao.

Mstari wa kwanza ulikuwa wake mwenyewe, mwandiko wa msichana wa miaka ishirini, herufi zimesimama wima kwa heshima. Naiosha leo. Nitailaza chini ya uzito. Isiguswe mpaka kesho jioni.

Mstari wa pili ulikuwa mwandiko wa Kaka. Nimeitoa chini ya uzito ikiwa mbichi, kumwonyesha rafiki. Ukingo wa chini umechanika pamoja na sahihi. Nimekata ulingane. Na jina lake.

Mstari wa tatu ulikuwa neno moja. Nimeona.

Alisoma mara moja. Akasoma tena kwa lenzi, kana kwamba lenzi ingebadilisha kitu. Hati ilikuwa ya Baba, hata ile nukta aliyoikandamiza mwishoni mpaka karatasi ikaingia ndani. Kaka hakumtia uchungu kwanza, nakwambia ukweli. Kaka alikuwa Kaka, angeweza kuvunja chungu na kumsingizia paka. Kilichomkata maini ni lile neno moja. Baba alijua. Alijua jioni ileile, picha iko mkononi mwake, alipomtazama binti yake usoni na kumwambia alikuwa na haraka. Aliweza kumdanganya mwanawe wa kumzaa, ila kuidanganya karatasi hakuweza.

Machozi yakaanza kupanda. Akaiweka picha chini, akaifunika, akatembea mpaka mlangoni, na hapo, mbali na meza, ndipo akalia. Machozi yana chumvi, yanaacha doa. Hata siku hiyo alikumbuka hilo, na kukumbuka kwenyewe kukamzidishia kilio. Nani alimfundisha kuogopa kiasi hicho? Wao ndio waliomfundisha, kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Alasiri Kaka aliingia akiimba kwa pua, akauliza kama mambo yameiva. Akaona fremu tupu. Wimbo ukaishia hapohapo.

Bi Taratibu aliigeuza picha, akasogea pembeni. Kaka hakuinama kusoma. Alitazama ile kona tu, kwa mbali, namna mtu anavyotazama mlango anaojua nani yuko nyuma yake.

"Nilikwambia usifungue," alisema.

Kisha maneno yakamtoka mengi. Kwamba walikuwa watoto. Kwamba yule rafiki alimwona mjinga kwa kukaa na makaratasi, akataka kumwonyesha kitu cha maana. Kwamba kusema kweli Baba ndiye aliyeamua, si yeye. Baba aliona binti ataolewa, ataondoka na ufundi wake kwa watu, na duka litabaki bila mtu aliyesoma. Alimlazimisha aandike, akasoma, akatia neno lake, akafunga. Na alipokuwa mgonjwa, Baba alimwagiza: nikishafariki, mwambie mdogo wako.

"Baba ana miaka kumi na miwili kaburini," dada yake alisema.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

Nusura acheke. Siku nzuri! Miaka kumi na miwili hakukuwa na Jumanne wala Alhamisi moja iliyofaa, lakini za kumsimulia mteja kichekesho zilikuwepo kila wiki. Na Baba naye, mbona alimtuma mtu? Yeye mwenyewe alikuwa na mdomo miaka kumi na tisa, na mwishoni meza moja na binti yake, wanapeana sufuria ya gundi. Mara ngapi alimsifu mbele za watu kwa utulivu wake? Alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akinyenyekea na kushukuru. Aliyasema hayo yote, si kwa sauti kubwa.

Kaka alitazama mezani. Kulikuwa na kifutio kando ya lenzi.

"Ni penseli tu hiyo, mdogo wangu. Futa. Andika ukingo ulipotea zamani, sababu haijulikani. Hata wewe hutatajwa. Si ndicho ulichokuwa unataka, usitajwe?"

Na hilo, ukilifikiria, ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa sababu asubuhi ile angelikubali. Angelipokea kwa mikono miwili na kumshukuru.

Akachukua penseli, akampa. "Uliishika picha. Sheria unaijua. Andika kwenye ripoti kwamba ni kweli, uweke jina."

Kaka aliipokea. Akaigusisha ncha kwenye ukucha wa kidole gumba aone ulaini wake, vile Baba alivyowafundisha wote wawili, hata kabla hajajua anafanya nini. Kisha akaiweka juu ya meza, sambamba na kisu, kwa nidhamu ya fundi.

"Utaniaibisha mbele ya watu," alisema.

"Mimi uliniaibisha mbele ya kila aliyenunua fremu."

Kaka alitoka. Alikuwa anaweza kuibeba picha aondoke nayo, lakini haikuwa yake tena, alishaitoa kwa barua yake mwenyewe. Huko mbele kengele ya mlango ililia, na sauti yake ikasikika inamkaribisha mtu kwa uchangamfu uleule.

Bi Taratibu akaketi, akaandika ripoti. Nakala ya mwanzo, mistari mikali. Thamani imepungua kwa kukosa sahihi na namba, lakini bado ni picha ya kutunzwa. Madoa yanatokana na kadibodi mbovu. Kuhusu ukingo wa chini, alinakili mistari mitatu ya nyuma neno kwa neno, hakupunguza wala hakuongeza. Chini yake akaandika: Mtoaji wa picha ameonyeshwa maandishi haya. Hakuandika kitu. Akaweka tarehe, na jina lake lote, lile ambalo mjini hapana mtu aliyelitumia tena.

Kisha akaigeuza picha, na chini ya neno la Baba akaandika neno lilelile, Nimeona, na jina. Hakulikandamiza.

Asubuhi iliyofuata aliiosha. Madoa yalitoka taratibu, maji yakageuka rangi ya chai, akayamwaga, akaweka mengine, mpaka yule kijana mwenye kioo akabaki amesimama kwenye karatasi safi. Hakumtazama sana usoni. Mistari ya penseli haikutoka, na yeye hakuitarajia itoke. Akailaza kwenye karatasi za kufyonza, akapanga pasi sita juu yake.

Mhifadhi wa makumbusho, mama mmoja mkavu wa maneno, alikuja kesho yake kuichukua. Siku moja ilikuwa imepita. Siku moja inatosha, madaftari ya chuo yalisema hivyo, na Bi Taratibu alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini. Alinyoosha mkono kwenye pasi ya kwanza. Mkono ukafika, ukagusa chuma, ukakataa kuinua.

Akamwambia yule mama arudi keshokutwa.